Mbwa wa makazi anaogopa kila mtu. Nimsaidieje kabla hajachukuliwa?

MwanaKisauni

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Najitolea kila Jumamosi kwenye makazi ya mbwa huku upande wa Mtwapa. Kazi yangu ni kuosha vizimba, kuteka maji na kupeleka chakula. Kuna mbwa mmoja pale ameniingia moyoni, nami nataka sana apate kwao.

Ni jike, rangi ya mchanga, daktari alimkisia kwa meno kwamba hajatimiza miaka miwili. Aliokotwa karibu na soko la Kongowea akiwa na kidonda cha kamba shingoni. Kidonda kimepona, manyoya hayajarudi yote. Tumemwita Simsim. Ameshachanjwa, ameshafungwa kizazi, dawa ya minyoo amepewa. Makaratasi yake yote yako sawa, kilichobaki ni hofu.

Mchana kutwa yuko nyuma ya pipa la bluu pembeni mwa kizimba. Ukivuta komeo la lango, lile la chuma linalokwaruza, hujibana ukutani mwili wote. Ukimkaribia hujikojolea. Hajawahi kunguruma wala kuonyesha meno. Huganda tu, mkia umeingia tumboni, jicho limegeuka weupe. Mbele ya mtu hali. Asubuhi bakuli hukutwa tupu, ndipo twajua kwamba usiku alikula. Vinavyomtisha zaidi ni ufagio wa chelewa, mpira wa maji, na mwanamume yeyote aliyevaa kofia.

Ipo familia ya Likoni imeona picha yake ikaulizia. Ua lao limezungushwa ukuta, mtoto wao mmoja yuko sekondari. Wataka kuja kumwona mwisho wa mwezi.

Mwenzangu mmoja asema nimtie kamba nimtoe nje kwa nguvu, akiona hadhuriki ataacha. Mwengine asema tumnyime chakula mpaka aje kulia mkononi. Roho yangu yakataa yote mawili, lakini sina la kuweka badala yake. Huingia, nikakaa karibu naye, nikamwita kwa upole na kumnyooshea kipande cha nyama, naye hutetemeka tu mpaka nitoke.

Jambo jingine dogo: nyumbani kwetu huniuliza kila mara kuhusu najisi. Kama kuna aliyepitia hilo pia, anifahamishe.

tamarind_tudor

Mpe nafasi, dadangu, wala usikate tamaa. Wa kwetu tulimtoa mtaani Tudor akiwa hivyo hivyo. Alikaa chini ya kitanda mpaka tukadhani hatatoka. Kilichomtoa ni mbwa wetu mkubwa, mzee mmoja mpole asiyejali kitu. Alikuwa akimwona mwenzake anatulia mtu akipita, naye akaanza kutulia. Kama mna mbwa mpole hapo asiyependa ugomvi, mfikirie kuwa jirani yake.

Mzee wa Mtopanga

Waaleikum salaam, binti yangu. Mie nimeshika kamba za mbwa wa ulinzi tangu ujana, bandarini na kwenye maghala ya Changamwe, na tangu nistaafu watu huniletea hapa nyumbani wale waliowashinda. Nitaandika marefu, unisamehe.

Roho yako haijakudanganya. Anza na hilo la kumburuta. Mbwa mwenye hofu atakimbia, ataganda, au atauma. Simsim yumo kizimbani, pa kukimbilia hana, amebakiwa na kuganda. Watu humwona mbwa aliyeganda wakasema ametulia, amekubali. Hajakubali kitu. Ukimtia kamba ukamvuta, umemnyang'anya hata huko kuganda, na kilichobaki ni kuuma. Akiuma hata mara moja tu, kwenye faili lake kutaandikwa kwamba aliuma mtu, na hapo nani atamchukua? Nimeona mbwa wazuri wakiharibiwa namna hiyo na watu wenye nia njema kabisa, na mpaka leo yaniuma.

La njaa pia liache. Mbwa huyu hali mbele yenu kwa hofu, si kwa kiburi. Ukimkondesha, njaa itamsukuma mpaka mkononi mwako, atadaka kipande, na akishameza ndipo atatanabahi amesimama ana kwa ana na kile anachokiogopa kuliko vyote. Hushtuka vibaya kuliko mwanzo. Ndiyo sababu hata mkono wako wenye nyama, ingawa waunyoosha kwa mapenzi, haumfai kwa sasa. Wamlazimisha achague kati ya tumbo lake na usalama wake. Mwondolee mtihani huo.

Chemsha firigisi na maini ya kuku bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, kwa hivyo mabaki ya pilau na mchuzi wa hotelini usimpe. Katakata vipande vya ukubwa wa kunde. Ingia taratibu, usimtazame machoni, mpe ubavu badala ya uso, kisha keti mbali. Mbali kiasi gani, yeye ndiye atakayekupimia. Rusha kipande kwa chini, mkono usipande juu ya bega, kiangukie nyuma yake, upande ulio mbali na wewe. Akila ungali umo ndani, hapo ndipo pa kuanzia. Asipokula, uko karibu mno. Rudi nyuma, hata ikibidi ukae nje ya lango.

Kile kipande kuanguka nyuma yake ndicho kinachofanya kazi yote, na ndicho watu wasichokifuata. Mbwa anaona kwamba kula hakumsogezi kwako hata hatua moja. Chakula kinatoka kwako, na bado nafasi yake inabaki yake. Siku moja atakula, kisha atageuza kichwa mwenyewe akuangalie kama kuna kingine. Ukiona jicho hilo halina weupe na masikio yameacha kulala, ujue kazi imeanza. Wala usifurahi ukamsogelea! Baki ulipo, rusha kingine, tena nyuma yake.

Vipande vichache, kisha inuka uende zako. Dakika chache mara nyingi zashinda saa nzima ya kumkalia. Na kwa kuwa wewe waenda Jumamosi, wanaomlisha siku nyingine wafuate mwendo huo huo, ama sivyo mtakuwa mnajenga na kubomoa.

Sasa komeo. Kwanza lipakeni mafuta, hana haja ya kuteswa na chuma kisichotiwa grisi. Mlio utakaobaki ndio wa kumzoesha, na hapa shika sana mpangilio: sauti itangulie, chakula kifuate. Simama nje, vuta komeo kidogo, krr, papo hapo rusha kipande. Nyamaza kidogo. Tena, krr, kipande. Ukitanguliza chakula ndipo uvute komeo, utamfundisha kwamba firigisi ikija basi balaa laja nyuma yake, na ataikataa hata firigisi. Hili la mpangilio laweza kuonekana dogo kwa mtu anayelisoma, lakini nakuomba ulishike kuliko mengine yote niliyoandika.

Ufagio ufanyiwe hivyo hivyo. Ulazwe chini, mbali, bila mtu, yeye auone kisha ale. Siku nyingine uegemezwe. Baadaye mtu aushike bila kufagia. Ukimwona analamba midomo na hakuna chakula, anapiga miayo na hana usingizi, au anageuza kichwa pembeni, amekwambia yatosha, rudi hatua moja. Na akija kunguruma siku yoyote usimkemee. Mbwa anayenguruma anakuonya. Ukimzoesha kunyamaza, ataruka onyo aende moja kwa moja kwenye meno.

Mpira wa maji ni habari nyingine. Hapo sitaki mumzoeshe, nataka muache kuosha kizimba akiwa ndani. Kama kuna mlango wa uani, ufunguliwe kwanza, mtu aondoke, atoke kwa miguu yake, ndipo maji yafunguliwe. Na lile pipa msiliondoe. Wengine huondoa pa kujificha ili mbwa azoee haraka. Mbwa mwenye pa kurudi ndiye anayethubutu kutoka. Funika nusu ya lango kwa leso kuukuu, asione kila mpita njia.

Kumgusa ni mwisho kabisa. Siku akija mwenyewe kukunusa, mwache anuse, usinyooshe mkono. Siku akiegemea, mkune kifuani au chini ya kidevu, kamwe si kichwani kwa juu, hesabu moja mbili tatu, ondoa mkono. Akirudi, mkune tena. Akijitenga, amekujibu.

La mwisho kwa leo. Nilipofunzwa kazi, mwalimu wetu alitueleza utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1961. Vijibwa walilelewa uwanjani bila kuzoea watu, wengine wakatolewa mapema, wengine wakaachwa mpaka wiki 14. Hao wa wiki 14 hofu yao kwa binadamu ilikuwa ngumu mno kuiondoa. Huyu wako ana alama ya kamba shingoni. Alifungwa na mtu, kwa hivyo huenda udogoni alikuwa na watu, kisha watu hao hao wakamgeuka. Ni uchungu kulisema, lakini mie laniongezea matumaini. Kurudisha imani iliyopotea ni kazi nyepesi kuliko kuianzisha pasipo na kitu.

msaidizi_wa_mifugo

Nafanya kazi kliniki ya mifugo hapa kisiwani Mombasa. Sina la kupinga kwa mzee, naongeza upande wa mwili.

Kabla ya kusema yote ni hofu, mwombeni daktari amwangalie maumivu. Masikio, meno, na hasa shingo hiyo ya kamba. Mbwa anayeumwa shingo hataki mkono karibu na kichwa hata kama anakupenda. Pia homa ya kupe. Pwani hapa kupe hawana msimu wa kupumzika, na mbwa mwenye homa hiyo hulala pembeni, hakosi kuonekana mwoga au mnyonge. Ufizi ukiwa mweupe, mpelekeni haraka.

Kipindi cha kaskazi msichanganye kuhema kwa joto na kuhema kwa hofu. Mbwa wa joto hujinyoosha kwenye sakafu baridi na hunywa maji. Mwenye hofu huhema akiwa amejikunja, midomo imevutwa nyuma, na maji hayagusi. Joto likichanganyika na hofu ni hatari zaidi, kwa hivyo mazoezi yafanywe alfajiri au jioni.

Kuna dawa za kupunguza hofu ambazo daktari wa mifugo huweza kuandika ili mbwa aweze kujifunza. Si aibu kuziomba. Ila msimpe dawa za watu. Brufen, ile ya maumivu, huharibu tumbo na figo za mbwa.

Na wewe mwenyewe, dada. Amechanjwa, vizuri, chanjo irudiwe kama kadi inavyosema. Hata hivyo ukiumwa au kuparuzwa na mbwa yeyote hapo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kuona mbwa atakuwaje. Karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030. Kila mbwa wa makazi anayechanjwa ni sehemu ya kazi hiyo.

fundi_majengo

Dada, kwa hilo la najisi. Wengi wetu Pwani ni Shafi, na kwa Shafi kilicholowa kwa mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wenye madhehebu ya Maliki wana kauli nyepesi zaidi. Mie nililinda godauni kwa miaka pamoja na mbwa, na nilikuwa na nguo za kazi na viatu vya mpira ambavyo haviingii ndani ya nyumba. Nilioga kabla ya kuondoka, swala zangu hazikuharibika. Wakumbushe nyumbani hadithi sahihi ya yule aliyemwona mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha, Mungu akamsamehe dhambi. Maswahaba waliuliza kama kuna malipo kwa wanyama, wakajibiwa kwamba kila chenye ini bichi kina malipo. Usiwajibu nyumbani kwa ukali, wanakutakia heri.

MwanaKisauni

Nawashukuru mpaka sijui nianzie wapi. Mzee, nimesoma maneno yako nikiwa kwenye matatu, nikayasoma tena nyumbani kwa sauti, na mama akakaa akasikiliza mpaka mwisho. Fundi, yako nimemwonyesha pia. Ameniuliza Simsim anakula nini.

Jumamosi nilikaa nje ya lango na kurusha kwa chini. Vipande vya mwanzo havikuguswa. Nikarudi nyuma mpaka kwenye kivuli cha mwarobaini, nikageuza ubavu. Ukapita muda, nikasikia anatafuna. Sikugeuka kumtazama, lakini nilisikia vizuri kabisa.

Swali langu sasa ni hii familia. Nikimfanyia kazi hii yote akanizoea mie, si atapata uchungu upya akipelekwa kwa wageni? Na mwisho wa mwezi ni karibu mno. Niwaambie wasije?

Mzee wa Mtopanga

Mashallah. Huko kutafuna ndiko nilikokuwa nakusubiri.

Swali lako ni zito na ni zuri. Mbwa akimzoea mtu mmoja tu, amepata rafiki, lakini hajapata nyumba. Kwa hivyo mara atakapokula kwako bila wasiwasi, mlete mtu wa pili, aketi mbali kuliko wewe, naye arushe nyuma yake. Kisha mwanamume bila kofia. Kisha mwanamume huyo huyo kofia ikiwa mkononi, baadaye kichwani. Kila mtu mpya aanze mbali kama wewe ulivyoanza, hata kama Simsim kwako ameshasogea. Utaona kwamba wa tatu humchukua muda mfupi kuliko wa pili. Hofu haihami yote kwa pamoja, lakini huhama.

Familia waje. Usiwazuie, ila waeleze kabla ya kufika, wasije wakidhani watakumbatia mbwa siku hiyo. Waje wawili, si ukoo mzima. Waketi ulipoketi wewe chini ya mwarobaini, warushe firigisi, waondoke. Kama watamtaka mbwa aliyekula firigisi zao bila kuwatazama, hao ndio watu wake. Wakisema huyu hafai, afadhali waseme pale kuliko wamrudishe baada ya kumchukua.

Waombe leso au fulana waliyolala nayo, isifuliwe. Itandikwe karibu na bakuli lake, awe anakula penye harufu yao kabla hajawajua. Kijana wao wa sekondari, kama yuko tayari, ndiye nitakayempa kazi ya kulisha, maana vijana wa umri huo wakielezwa jambo kwa heshima hulishika kuliko sisi wazee. Na mwandikie karatasi: anaogopa nini, anakula nini, ukiona hili fanya hili. Usifiche kitu ili apendwe. Karatasi ya kweli ndiyo itakayomlinda.

Kule nyumbani apewe chumba kimoja au pembe moja yenye pa kujificha, asizungushwe nyumba nzima, asioshwe siku hiyo, majirani wasiitwe kumtazama. Matembezi ya barabarani yasubiri mpaka aonyeshe kwamba anawafuata kwa hiari ndani ya ua. Tuktuk moja ikipiga honi atachomoka, na mbwa mwoga aliyechomoka haji ukimwita, hata na wewe unayempenda. Ndiyo maana nataka kamba mbili, moja kwenye mkanda wa shingoni na nyingine kwenye mkanda wa kifuani, na shingoni mkanda uwe mpana kwa sababu ya lile kovu.

Na safari. Usimpitishe feri. Umati, milio, sahani za chuma zikigonga gatini, hapo hata mbwa jasiri hubabaika. Waje na gari wapitie barabara ya Dongo Kundu. Ni kuzunguka, lakini atafika Likoni bila kuguswa na mtu. Awe ndani ya kizimba cha safari kilichofunikwa leso yao ile ile, na kizimba hicho mkiweke kwenye banda lake wiki nzima kabla, mkimtilia chakula humo, aingie mwenyewe siku ikifika. Wakifika, geti la ua lifungwe kwanza, ndipo mlango wa gari ufunguliwe, na kamba zote mbili ziwe mkononi mwa mtu mzima mmoja.